Sura ya 6: Kodi ya Moshi

Mwezi Juni 2008 wakazi wa British Columbia, jimbo la magharibi kabisa mwa Kanada, walianza kupokea dola 100 kila mmoja kutoka serikalini, wakubwa kwa watoto. Hakuna aliyeziomba. Serikali ilikuwa inawaandaa kwa jambo lililopangwa kuanza tarehe 1 Julai: kodi mpya juu ya petroli, dizeli, gesi ya kupashia nyumba joto na makaa ya mawe. Kodi hiyo ilipigiwa hesabu kwa uzito wa hewa ukaa inayotoka pale mafuta yanapochomwa. Ilianza na dola 10 kwa tani, na sheria ikaweka wazi tangu mwanzo kwamba ingepanda dola 5 kila mwaka hadi kufikia 30 mwaka 2012.

Kwa dereva wa Vancouver, dola 10 kwa tani zilikuwa sawa na senti mbili na ushei kwa kila lita. Si fedha nyingi, lakini majira yenyewe yalikuwa mabaya. Siku zile zile pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 140 za Marekani katika soko la dunia, bei ambayo haikuwahi kuonekana kabla ya hapo. Watu walikuwa tayari wanalalamika vituoni, na serikali yao ikawa inaongeza juu yake.

Aliyeileta kodi hiyo hakuwa mwanaharakati. Gordon Campbell, kiongozi wa serikali ya jimbo, alitoka katika chama cha mrengo wa kulia chenye urafiki mkubwa na wafanyabiashara. Lakini British Columbia ni nchi ya misitu, na misitu hiyo ilikuwa inakufa machoni pa kila mtu. Mbawakawa wadogo wanaotoboa magome ya misonobari walikuwa wameshambulia mamilioni ya hekta, kwa sababu baridi kali ya kipupwe, iliyokuwa ikiwaua kila mwaka, haikuwa kali tena. Milima mizima iligeuka nyekundu, kisha kijivu. Viwanda vya mbao vilijua kwamba baada ya miti iliyokufa kuvunwa, kazi ingekwisha.

Kodi ya Campbell ilitofautiana na nyingine nyingi kwa kifungu kimoja: serikali haikuruhusiwa kujinufaisha nayo. Kila mwaka Waziri wa Fedha alilazimika kuliwasilishia bunge la jimbo mpango unaoonyesha jinsi mapato yote yangewarudia walipakodi kwa kupunguza kodi nyingine. Viwango vya kodi ya mapato vilishushwa, kodi ya kampuni ikashushwa, na familia za kipato cha chini zikapewa malipo yao ya pekee. Watu wa kaskazini mwa jimbo, wanaoendesha magari masafa marefu na kupambana na baridi kubwa zaidi, walilalamika kwamba mzigo wao ulikuwa mzito kuliko wa mjini. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na baadaye wenye nyumba vijijini wakatengewa nafuu yao.

Uchaguzi wa Mei 2009 ndio uliokuwa mtihani. Chama cha upinzani cha NDP, ambacho siku zote kilihesabiwa kuwa rafiki wa mazingira, kiliingia kwenye kampeni kikiahidi kuifuta kodi. Kikashindwa. Tafiti zilizofuata zilikadiria kwamba hewa ukaa ilipungua kwa kati ya asilimia 5 na 15, ikilinganishwa na ambavyo ingekuwa bila kodi, na uchumi wa jimbo haukuonyesha jeraha la kutajika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Arthur Cecil Pigou, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1920 kwamba bei ya sokoni huficha gharama ambazo muuzaji na mnunuzi wamemtupia mtu wa tatu. Moshi wa mabomba ya viwanda vya Uingereza ulichafua nguo, ulikula kuta na kuziba mwanga, na mwenye kiwanda hakulipa chochote. Pigou alitaka serikali itoze kiasi kile ambacho soko limekisahau. Finland ndiyo iliyotangulia kulitumia wazo hilo kwa kaboni, mwaka 1990.

Kwa nini kazi hii iwe ya serikali? Mtu mmoja mmoja anaweza kupanda miti, kuzima taa, kuacha gari nyumbani. Lakini hakuna raia anayeweza kubadili bei ya dizeli, na bei ndiyo inayoamua iwapo kampuni ya mabasi itanunua magari ya umeme au iwapo kiwanda cha saruji kitabadilisha tanuri. Mamlaka ya kutoza kodi yako mahali pamoja tu.

Mahakama nazo zimeanza kulisema hilo bila kuzunguka. Tarehe 20 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi, katika kesi iliyofunguliwa na taasisi ya Urgenda pamoja na mamia ya raia, ilithibitisha amri ya kuitaka serikali ipunguze gesijoto kwa angalau asilimia 25 chini ya kiwango cha mwaka 1990 kabla mwaka 2020 haujaisha. Majaji hawakuichagulia serikali njia. Walisema tu kwamba wajibu wa kuwalinda raia ni wa dola, na kwamba udogo wa nchi hauufuti. Kisha tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ikatoa maoni ya kisheria yaliyoombwa kwa juhudi za Vanuatu, nchi ya visiwa vya Pasifiki ambako harakati hizo zilianzishwa na wanafunzi wa sheria. Majaji wote walikubaliana kwamba nchi inayoshindwa kuchukua hatua inaweza kuhesabiwa kuwa imevunja sheria ya kimataifa, na miongoni mwa mifano waliyoitaja ni kutoa ruzuku kwa mafuta ya kisukuku.

Mfano huo wa ruzuku unapaswa kusomwa kwa makini na mawaziri wa fedha. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria kwamba mwaka 2022 ruzuku za wazi kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe zilifikia dola trilioni 1.3 duniani. Serikali nyingi, kwa hiyo, zinaitoza kaboni kwa mkono mmoja na kuilipia kwa mkono mwingine.

Uswidi ilianza mapema, mwaka 1991, kwa kroni 250 kwa tani. Leo kiwango chake kinazidi dola 100 za Marekani, mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani. Jambo la kujifunza ni yale yaliyoizunguka kodi hiyo. Iliingia pamoja na mageuzi makubwa yaliyopunguza kodi ya mapato, hivyo mfanyakazi aliyeona gharama ya mafuta ikipanda aliona pia mshahara unaomfikia ukiongezeka. Na miji ilikuwa tayari na mabomba ya chini ya ardhi yanayopeleka maji ya moto kutoka mtambo mmoja hadi maelfu ya nyumba. Mitambo hiyo zamani ilichoma mafuta. Kodi ilipoanza kuuma, mameneja wake walihamia matawi, magome na vumbi la mbao, mabaki ambayo misitu ya Uswidi inayo tele, pamoja na taka za mijini. Mwenye nyumba hakulazimika kununua kitu kipya. Mabadiliko yalifanyika upande wa pili wa bomba.

Viwanda vilipewa kiwango cha chini kwa miaka mingi, na punguzo hilo likafutwa kabisa mwaka 2018 tu. Hapo Uswidi haikuwa jasiri sana. Hata hivyo, kati ya 1990 na 2020 gesijoto zinazotolewa ndani ya nchi zilipungua kwa takriban theluthi moja huku uchumi ukikua.

Ufaransa ilipita njia nyingine, na iliadhibiwa kwa hilo. Kodi yake ya kaboni ilianza mwaka 2014 kwa euro 7 kwa tani. Kufikia 2018 ilikuwa euro 44.6, na serikali ilipanga kuifikisha 86.2 mwaka 2022. Kiwango kilikuwa kinapanda haraka, sehemu kubwa ya mapato ikiingia kwenye mfuko mkuu wa serikali, na mwananchi wa kawaida hakuonyeshwa alichorudishiwa. Mwaka huo huo wa 2018 serikali ya Emmanuel Macron ilifuta kodi ya jumla ya utajiri na kubakiza ile ya majumba na ardhi tu. Muuguzi wa kijijini anayeendesha gari la dizeli kilomita 40 kwenda kazini, katika eneo ambalo treni iliondolewa, hakuhitaji mwanauchumi wa kumfafanulia hesabu hiyo.

Tarehe 17 Novemba 2018 zaidi ya watu 280,000, kwa hesabu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, waliingia barabarani wakiwa wamevaa vizibao vya njano ambavyo sheria ya Ufaransa inamtaka kila mwenye gari awe navyo. Walizuia mizunguko ya barabara, wakawasha mioto, wakakaa wiki kwa wiki. Mwanzoni mwa Desemba Waziri Mkuu Édouard Philippe alitangaza kusimamisha nyongeza iliyopangwa kwa mwaka 2019, na mara moja ikafutwa kabisa. Kiwango kikaganda pale pale kwenye euro 44.6. Watu wale wameitwa maadui wa mazingira na waandishi wengi, na hukumu hiyo si ya haki. Wengi wao hawakupinga dunia kulindwa. Walipinga kulipia peke yao.

Kanada, kwa mantiki hiyo, ilipaswa kufaulu. Serikali ya Justin Trudeau ilipitisha sheria ya bei ya kaboni mwaka 2018, na kuanzia Aprili 2019 majimbo yasiyokuwa na mfumo wake yakatozwa na serikali kuu dola 20 kwa tani. Baadaye kiwango kilipangwa kupanda hadi 170 mwaka 2030. Takriban asilimia 90 ya kilichotozwa kwenye mafuta kilirudishwa moja kwa moja kwa kaya za jimbo lile lile kilikotoka. Aliyechoma mafuta mengi alilipa zaidi ya alichopokea, na aliyechoma machache akabaki na faida. Kwa kuwa matajiri huendesha magari makubwa na kupasha joto majumba makubwa, familia nyingi za kipato cha chini zilikuwa upande wa faida. Mwaka 2024 familia ya watu wanne katika jimbo la Alberta ilirudishiwa dola 1,800 kwa mwaka, kwa mafungu manne.

Majimbo ya Ontario, Alberta na Saskatchewan yalikwenda mahakamani kudai kwamba serikali kuu mjini Ottawa imevuka mipaka yake. Machi 2021 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Mkuu Richard Wagner, iliyakatalia: moshi haujui mpaka wa jimbo, na nchi nzima hudhurika pale jimbo moja linapokaa kando. Kisheria, hoja ilikwisha.

Kisiasa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na hapa ndipo kisa cha Kanada kinapoumiza. Kodi ilionekana kila siku kwenye bango la bei kituoni. Marejesho yalijificha. Miaka ya mwanzo yalichanganywa kwenye fomu za kodi ya mapato, mahali ambapo mtu hukuta tarakimu moja ya mwisho bila kujua imetoka wapi. Yalipohamishiwa benki kila baada ya miezi mitatu, kuanzia Julai 2022, mengi yalitokea kwenye taarifa za akaunti kwa vifupisho ambavyo havikumwambia mtu lolote. Wachunguzi wa maoni walikuta watu wengi wasiojua kwamba wanarudishiwa chochote, na waliojua wakikadiria kiasi kidogo kuliko halisi. Serikali ilibadili jina la malipo hayo mwaka 2024 na kutunga sheria ya kuzibana benki ziyaandike vizuri. Ilikuwa imechelewa miaka mitano. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa serikali ya Kanada ulionekana mtupu hata ulipokuwa umejaa.

Kosa kubwa zaidi lilifanyika Oktoba 2023. Mafuta ya kupashia nyumba joto yalisamehewa kodi kwa miaka mitatu. Wanaoyategemea zaidi ni wakazi wa majimbo ya pwani ya Atlantiki, ambako chama cha Trudeau kilikuwa kinapoteza kura. Watu wa nyanda za kati, wanaotumia gesi asilia, waliuliza kwa nini baridi yao haihesabiwi. Saskatchewan ikaacha kukusanya kodi kwenye gesi hiyo kuanzia Januari 2024. Kodi ambayo nguvu yake yote ilikuwa katika kumgusa kila mtu kwa kipimo kimoja ilikuwa imechanwa na serikali iliyoitunga.

Kiongozi wa upinzani, Pierre Poilievre, alizunguka nchi nzima na ahadi ya kuifuta. Lakini hakuifuta yeye. Mark Carney, gavana wa zamani wa Benki Kuu ya Kanada na ya Uingereza, mtu aliyetumia miaka kuzionya benki kuhusu hatari za tabianchi, alichukua uwaziri mkuu tarehe 14 Machi 2025, na siku hiyo hiyo akatia saini ya kuifanya kodi ya wananchi kuwa sifuri kuanzia 1 Aprili. British Columbia nayo ikaifuta ya kwake tarehe hiyo, baada ya karibu miaka 17. Marejesho ya mwisho yalilipwa tarehe 22 Aprili. Uchaguzi ulifanyika tarehe 28, na chama cha Carney kikashinda. Bei ya kaboni kwa viwanda vikubwa ilibaki, na wachambuzi wengi wanaamini kwamba ndiyo yenye uzito zaidi katika kupunguza gesijoto.

Barani Afrika, Afrika Kusini ilitangulia. Kodi yake ya kaboni ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, ila misamaha ya kati ya asilimia 60 na 95 ilifanya kampuni nyingi zilipe randi 6 hadi 48 tu. Eskom, shirika la umeme linalotegemea makaa ya mawe, lililindwa ili bei ya umeme isipande kwa sababu ya kodi hiyo. Kwa nchi iliyokuwa na mgawo wa umeme na ukosefu mkubwa wa ajira, tahadhari hiyo inaeleweka. Lakini randi 6 hazimtikisi mtu.

Afrika Mashariki haina kodi yenye jina la kaboni, ila ina kodi nyingi zinazoamua watu wapikie nini. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya hupikia kuni, takriban asilimia 12 mkaa, karibu asilimia 8 mafuta ya taa, na chini ya robo gesi. Mwaka 2018 serikali ilikuwa imeweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa lengo la kukomesha uchakachuaji wa dizeli. Tanzania ilifanya kama hivyo mwaka 2011. Lengo lilikuwa la halali, maana dizeli iliyochakachuliwa huua injini. Lakini mama wa Mukuru au Manzese anayenunua mafuta ya kibatari na stovu kwa chupa ndogo hakuwa mchakachuaji, na tozo ilimkuta yeye.

Kisha ikafuata gesi. Tarehe 1 Julai 2021 Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia. Jirani wa mtungi wa gesi ni gunia la mkaa, na mkaa hauna VAT wala risiti. Unachomwa porini na kuuzwa kando ya barabara. Kuipandisha gesi bei ni kuuongezea mkaa wateja, na kila mteja ni mti. Mwaka uliofuata kodi ilishushwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaondolewa. Miaka miwili ilipotea kwa uamuzi ambao kikao kimoja kati ya Wizara ya Fedha na watu wa misitu kingeweza kuuzuia. Tanzania, iliyopiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuanzia mwaka 2024 na inayotaka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo 2034, haitafika huko kwa katazo peke yake. Itabidi bei ya mtungi isaidie.

Imani ndiyo sharti gumu zaidi. Muswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024 ulikuwa na tozo ya mazingira juu ya bidhaa kama simu, betri, matairi na nepi. Taka za bidhaa hizo ni tatizo la kweli, na anayeziingiza nchini anastahili kuchangia gharama ya kuzizoa. Vijana waliojaa barabarani mwezi Juni walikuwa na swali la mapema zaidi: fedha zilizokwisha kutozwa zilikwenda wapi? Bunge lilivamiwa tarehe 25, makumi ya watu walipoteza maisha katika maandamano hayo, na Rais William Ruto akakataa kuutia saini muswada mzima.

Miezi tisa kabla ya hapo, Ruto huyo huyo alikuwa mwenyeji wa mkutano wa tabianchi wa Afrika. Azimio la Nairobi la tarehe 6 Septemba 2023 liliitaka dunia iweke mfumo wa pamoja wa kutoza kaboni, ukihusisha biashara ya mafuta ya kisukuku, meli na ndege. Hoja ilikuwa sahihi. Afrika inatoa takriban asilimia 4 tu ya gesijoto za dunia, na ukame wa Turkana au mafuriko ya Rufiji hayakuletwa na anayeyapata. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilikaribia kutimiza sehemu ya ombi hilo: Aprili 2025 nchi nyingi ziliunga mkono mpango wa kuzitoza meli zinazopita kiwango cha gesijoto. Oktoba, mjini London, chini ya shinikizo kali la Marekani, uamuzi wa mwisho uliahirishwa kwa mwaka mmoja.

Umoja wa Ulaya haukungoja. Tangu Januari 2026 chuma, alumini, saruji na mbolea zinazoingia huko kutoka nje zinahesabiwa kaboni yake, na mwagizaji atalipa. Nchi ikishatoza kaboni nyumbani, kiasi hicho hukatwa kwenye deni la Ulaya. Hazina ya Afrika Kusini imeanza kuipandisha kodi yake, iliyofika randi 236 mwaka 2025, ikijua kwamba randi isiyokusanywa Pretoria inaweza kulipwa Brussels. Alumini ya Msumbiji imo kwenye orodha hiyo. Maua ya Naivasha, chai ya Kericho na kahawa ya Kilimanjaro bado hayamo, na bado kuna nafasi ya kuamua kwanza fedha zitarudi vipi kwa mwenye mtungi na mwenye kibatari, kabla ya kuamua kiwango cha kutoza.